Swali Ambalo Yesu Alimuuliza Baba

SOMO LA WIKI
Limeandaliwa na Mchungaji Msaidizi

Soma kwanza: Marko 9:14-29, Yohana 9:1-3, 2 Wafalme 20:1-7, Kutoka 17:8-13



Somo hili nililihubiri kwa ufupi katika ibada ya kwanza hapa Kitui mjini, na wenzetu wa upande wa Makueni wakaomba liandikwe. Nimeliandika kwa urefu kidogo kwa sababu kuna sehemu moja nilishindwa kuisema madhabahuni. Nitaisema hapa.

UTANGULIZI

Katika Marko sura ya 9 kuna baba aliyemleta mwanawe mgonjwa kwa wanafunzi wa Yesu. Wanafunzi wamejaribu, wameshindwa. Watu wamejaa, waandishi wanabishana, kila mtu ana maoni. Ndipo Yesu anafika. Kabla hajamponya yule mtoto, anamgeukia baba na kumuuliza shida hii ilianza lini. Baba anajibu palepale kwamba ni tangu utotoni, kisha anaeleza jinsi inavyomwangusha mtoto kwenye moto na kwenye maji.

Yesu alijua yote. Hakuwa na haja ya kuambiwa. Lakini aliuliza, akasimama, akasikiliza jibu huku umati ukingoja.

Nimesoma andiko hili tangu chuo cha Biblia, na kila mara nilikuwa naruka mstari huo ili nifike kwenye muujiza. Mwaka juzi daktari aliniuliza swali hilohilo kuhusu mtoto wangu, na nikashindwa kulijibu.

1. MTOTO AKISEMA ANAUMWA, MWAMINI

Binti yetu amebeba jina la mama yangu, kwa hiyo kama Mkamba yeyote namwita Mwaitu. Alikuwa na miaka mitatu na nusu alipoanza kukataa kutembea asubuhi. Akiamka anataka kubebwa. Ukimweka chini analia, au anasimama goti moja limekunjika kidogo. Ikifika saa nne anaanza kuchangamka, na saa sita yuko nje anakimbizana na wenzake. Mimi nilipiga hesabu yangu haraka haraka: tumepata mtoto mchanga, huyu anaona wivu. Nikasema ni kudeka tu. Kwani mgonjwa gani anakimbia saa sita?

Mke wangu aliniambia mara tatu kwamba goti la kushoto limevimba. Mara ya tatu aliniita "Pasta," na nyumbani kwetu ukisikia nimeitwa hivyo ujue mambo si mazuri. Nikamjibu tutaangalia wikendi. Na wikendi ya mchungaji mnaijua.

Jumapili moja tulikuwa tumechelewa na mimi ndiye naongoza ibada. Mtoto akasema, "Baba, nibebe." Nikauachilia mkono wake, nikamwambia atembee kama watoto wengine. Nilipofika kwenye geti nikageuka. Alikuwa anashuka ngazi kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, na gauni lake jeupe la kanisa. Hakuwa analia tena. Mimi nikaona amechafua gauni, nikakasirika. Nikaenda kanisani nikahubiri, na watu wakaniambia ujumbe ulikuwa mzuri.

Baada ya hapo tukaanza kuzunguka. Kemisti mmoja alitupa dawa ya malaria. Mwingine alisema ni brusela, kwa kuwa tunakunywa maziwa ya mbuzi, tukameza vidonge wiki kadhaa. Mwingine akasema mtoto anakua, ni mifupa inanyooka. Picha ya eksirei ikasema mfupa ni mzima. Kila mahali tuliacha pesa na kurudi na mtoto yuleyule.

Hatimaye daktari mmoja kijana alimlaza kitandani, akaweka kiganja juu ya goti moja, halafu juu ya lingine, akalinganisha. Kisha akanitazama mimi. "Baba, ilianza lini? Asubuhi inamchukua muda gani kabla ya kutembea vizuri?"

Nikaangalia ukuta. Ndugu zangu, mimi nimesomea biashara. Ninaweza kukwambia sadaka ya Jumapili ya pili ya Machi bila kufungua kitabu. Lakini swali hilo sikuwa na jibu lake.

Mke wangu ndiye alijibu. "Tangu tulipokuwa tunavuna ndengu, Daktari. Sasa ni wiki kumi na moja. Asubuhi inachukua saa moja na nusu hivi. Akikaa kwenye mkeka muda mrefu, inarudi." Daktari akaandika kila neno. Tulikuwa tumetumia maelfu ya pesa, na jibu lililosaidia zaidi lilikuwa nyumbani kwangu wiki zote hizo. Mimi ndiye sikuliuliza.

Yule baba wa Marko 9 alikuwa na imani yenye mashaka, na yeye mwenyewe alikiri mbele ya watu. Lakini historia ya mtoto wake aliijua. Mimi nilikuwa na imani ya kuhubiri, na historia ya mtoto wangu sikuijua.

2. UGONJWA WENYEWE NI NINI

Naeleza haya kwa sababu huenda kuna mzazi hapa, au nyanya anayelea wajukuu, ambaye yuko pale tulipokuwa.

Ugonjwa huu huitwa baridi yabisi ya watoto. Hospitalini utasikia athraitisi. Jina lisikudanganye. Hauletwi na baridi wala na kukosa sweta. Wengi wetu tunadhani magonjwa ya viungo ni ya wazee, lakini huu huanza kabla ya miaka 16, na wengine huanza wakiwa na mwaka mmoja au miwili. Madaktari huuita hivyo kiungo kikiwa kimevimba, au kinauma na hakikunjiki vizuri, kwa muda wa wiki 6 au zaidi, na baada ya kuchunguza na kuondoa sababu nyingine kama maambukizi, kifua kikuu cha mifupa, seli mundu au saratani ya damu. Ndiyo maana swali la "lini" si la kupitisha muda.

Ndani ya kiungo kuna utando laini unaotoa ute wa kukilainisha. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na viini, inaugeukia utando huo na kuushambulia. Kiungo kinavimba, kinajaa maji, kinapata joto. Usiku mtoto akilala bila kujinyoosha, kinakakamaa. Kwa hiyo asubuhi ni ngumu, na akishasogeasogea inakuwa afadhali. Mnaona? Kule kukimbia saa sita nilikokuchukua kama ushahidi kwamba mtoto anaigiza, kumbe ni dalili yenyewe ya ugonjwa.

Kwa nini kinga ifanye hivyo, sayansi haijajua sababu kamili. Hauambukizi. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachotosha kuuthibitisha au kuukanusha. Damu inaweza kuonekana nzuri na mtoto bado ni mgonjwa.

Kuna jambo ambalo hatukulijua kabisa: macho. Ugonjwa huu unaweza kuleta uvimbe ndani ya jicho bila wekundu, bila maumivu, bila mtoto kulalamika, na usipogunduliwa unaweza kupofusha. Kwa hiyo mtoto hupimwa macho kwa mashine maalumu kila baada ya miezi michache, hata kama anaona vizuri. Macho ya binti yetu ni mazima mpaka leo, lakini miadi hiyo hatuikosi.

Dawa zipo. Kuna za kupunguza uvimbe, kuna sindano inayochomwa ndani ya kiungo, na kuna methotrekseti, ambayo hutuliza kinga ya mwili. Hii ya mwisho kwa ugonjwa huu hunywewa mara moja kwa WIKI, siku ileile, si kila siku. Kuinywa kila siku ni hatari. Inahitaji pia vipimo vya damu kila baada ya muda, kuangalia ini na chembe za damu. Usinunue dawa hizi kwa kukisia, na steroidi za kemisti usimpe mtoto bila daktari.

Wataalamu wa viungo vya watoto nchini ni wachache sana. Daktari Angela Migowa wa Hospitali ya Chuo Kikuu ya Aga Khan, Nairobi, ni mmoja wao, na fani hii aliisomea Canada. Kwa hiyo familia nyingi za Kitui na Makueni huanzia kwa daktari wa watoto katika hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitui mjini au Wote, na kutoka hapo huandikiwa barua ya kwenda mbele. Omba barua hiyo bila woga.

Tahadhari moja: kiungo kikivimba ghafla, kikawa na joto kali, mtoto ana homa na hataki kabisa kiguswe, usingoje wiki sita wala siku mbili. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Huenda ni usaha ndani ya kiungo.

3. HAKUNA ALIYETENDA DHAMBI

Habari zilipoenea, maneno yalianza. Wanawake wawili, kwa nyakati tofauti, walimuuliza mke wangu alikula nini akiwa na mimba. Mtu mwingine alisema tuangalie ukoo wa mama. Nilipompeleka mtoto kwa nyanya yake, upande wa Kibwezi, jirani alinivuta pembeni akanong'ona habari za uoi, akanielekeza kwa mganga anayechanja magoti na kupaka dawa. Na kanisani, ndugu mpendwa alishauri tumfungue mtoto, akinukuu Marko 9 hiyohiyo.

Wapendwa, tuwe waangalifu. Mtoto wa Marko 9 alikuwa na pepo kwa sababu Maandiko yanasema hivyo kumhusu yeye. Hayasemi hivyo kuhusu kila mgonjwa. Ukisoma Mathayo 4:24 utaona wenye pepo wanatajwa kivyao na wagonjwa wengine kivyao, na Yesu aliwahudumia wote. Kumwekea mtoto wa miaka minne mikono na kumpigia kelele, huku akiamini kuna kitu kibaya ndani yake, ni kumwongezea mzigo juu ya maumivu aliyo nayo.

Katika Yohana 9 wanafunzi walitaka kujua ni nani aliyekosa hata mtu yule akazaliwa kipofu. Yesu alikataa hesabu hiyo yote: si yeye, si wazazi wake. Kama wewe ni mama unayesoma haya, na umekuwa ukihesabu usiku ulikosea wapi, naomba usome mistari hiyo mitatu tena. Na kama wewe ni baba na umemwachia mke wako abebe maneno ya watu peke yake kama nilivyofanya, rudi nyumbani leo umwambie.

4. SEHEMU YA PILI YA USHUHUDA WANGU

Sasa nafika pale niliposhindwa.

Wengi wenu mlikuwa kwenye kesha lile la Agosti. Binti yetu alikuwa ametumia methotrekseti miezi minne. Uvimbe ulikuwa umeshuka, anatembea, anaruka. Nilimpandisha madhabahuni, akakimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kanisa likalipuka kwa shangwe. Mlimshangilia Mungu, na mlifanya vyema. Mungu alikuwa ametusaidia kweli.

Kosa ni lile nililofanya nilipofika nyumbani. Nilimwambia mke wangu tuache dawa. Nilisema tukiendelea kumpa, tutakuwa tunamwambia Mungu hatujaamini. Hakukubali, lakini nilitumia cheo changu kama kichwa cha nyumba, na nikatumia Maandiko. Chupa niliiweka juu ya kabati.

Baada ya wiki tano mtoto aliamka hawezi kukunja magoti yote mawili, na mkono wa kulia ulikuwa umevimba kwenye kifundo. Kiungo ambacho hakikuwa kimeguswa, sasa kimeguswa. Aliniangalia akasema, "Baba, sikukimbia vizuri kanisani?" Alidhani ugonjwa umerudi kwa sababu hakufanya vizuri mbele yenu.

Hiyo ndiyo sehemu niliyoshindwa kuisema. Ninyi mlipokea nusu ya kwanza ya ushuhuda kwa furaha. Ilikuwa haki yenu kupata na hii. Jambo la Mungu halikuwa uongo. Uongo ulikuwa katika hitimisho langu.

Daktari hakunigombeza. Alinieleza tu kwamba ugonjwa kutulia si sawa na ugonjwa kwisha. Dawa ndiyo iliyokuwa imeushikilia, na kupunguza au kuacha hufanywa polepole, na daktari akiangalia. Chuoni tulifundishwa kwamba duka likianza kupata faida, humfukuzi muuzaji aliyeileta faida hiyo. Nilijua kanuni hiyo kwa duka, nikaisahau kwa mtoto.

Someni 2 Wafalme 20. Hezekia anaumwa. Mungu anamtuma Isaya kumwambia atapona, tena ataongezewa miaka 15. Neno la Mungu limeshatoka! Lakini Isaya anaagiza mkate wa tini ubandikwe kwenye jipu. Hakuna aliyemwambia nabii kwamba tini ni kukosa imani. Aliyeahidi uponyaji ndiye aliyeumba mtini.

Kwa hiyo sikieni kutoka kwangu, na Mchungaji Kiongozi ameafiki: katika kanisa hili hakuna mtu atakayeambiwa aache dawa ili kuonyesha imani. Si ya viungo, si ya sukari, si ya kifafa, si ya virusi. Ukiona umepona, mtukuze Mungu, kisha nenda ukapimwe. Uponyaji wa kweli hauogopi kipimo.

5. KUSHIKA MIKONO MPAKA JUA LITUE

Katika Kutoka 17 mikono ya Musa ilichoka. Haruni na Huri hawakumkemea. Walimletea jiwe akae, wakaishika mikono yake huku na huku mpaka jua likatua. Ugonjwa wa muda mrefu ni vita vya namna hiyo. Watoto wengi wakitibiwa mapema husoma na kucheza kama wengine. Kwa baadhi hutulia kabisa, na wengine huingia nao utu uzima. Unahitaji watu wa kushika mikono mpaka jioni.

Kwa wazazi:

- Weka daftari. Andika tarehe, kiungo kinachouma, na dakika zilizopita tangu kuamka hadi kutembea vizuri. Nenda nalo kwa daktari. Baba, andika wewe.
- Asubuhi, maji ya uvuguvugu na kunyoosha viungo taratibu. Mwamshe mapema kidogo ili asikimbizwe.
- Mruhusu acheze. Kumlaza siku nzima hudhoofisha misuli na kukakamaza viungo.
- Weka nauli ya hospitali kwenye bajeti kama unavyoweka karo. Kutoka hapa Kitui hadi Nairobi na kurudi siku inaisha, na mtu atakula njiani. Lipia SHA kwa wakati. Kwa asiye na mshahara kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi.
- Ongea na mwalimu. Mtoto wa PP1 aliyekaa mkekani muda mrefu atahitaji kusimama. Akichelewa asubuhi si mvivu.
- Kabla ya chanjo yoyote, mwambie muuguzi dawa anazotumia. Baadhi ya chanjo hazimfai kwa wakati huo.

Kwa kanisa:

- Walimu wa shule ya Jumapili, msimlazimishe mtoto kupiga magoti. Mungu anamsikia akiwa amekaa kwenye kiti.
- Msimuulize mama kila Jumapili, "Bado tu?" Muulize, "Wiki hii imekuwaje?" halafu usubiri jibu.
- Vikundi vya seli, nauli ya safari moja au kumshika mdogo wake siku ya kliniki ni huduma. Dada mmoja wa kanisa hili amekaa na mtoto wetu mchanga kila siku ya kliniki, na hajawahi kulisema. Sitamtaja, lakini mbinguni limeandikwa.

HITIMISHO

Leo binti yetu yuko PP2. Tulirudisha dawa, na ilichukua miezi hadi magoti yakatulia. Kifundo cha mkono bado hakikunjiki sawasawa. Kila Ijumaa jioni anakunywa methotrekseti yake, na baada ya hapo tunaomba uponyaji kamili. Tunafanya yote mawili chini ya paa moja, na hakuna linalomwonea lingine aibu.

Juzi asubuhi aliniuliza kama Yesu naye alikuwa akiumwa magoti akiamka. Sikuwa na jibu. Nikamuuliza yake yanauma tangu lini. Akasema, "Tangu nimeamka, Baba, lakini kidogo." Nikambeba mpaka chini, nikaandika kwenye daftari: dakika 20.

MASWALI YA VIKUNDI

1. Kwa nini Yesu aliuliza swali ambalo jibu lake alilijua? Linakufundisha nini kuhusu kumsikiliza mtoto?
2. Je, kuna jambo ambalo mwenzako nyumbani amekwambia zaidi ya mara moja na hujalifuatilia?
3. Soma 2 Wafalme 20:1-7. Ni wapi tumefanya maombi na matibabu kuwa maadui?
4. Katika kikundi chenu, ni familia gani inayouguza kwa muda mrefu? Mtashika mkono upi wiki hii?

OMBI

Baba wa mbinguni, umewaona watoto wanaoamka na maumivu asubuhi ya leo katika Kitui, Makueni na kila mahali. Waguse. Uwape madaktari hekima na dawa nguvu ya kufanya kazi. Utusamehe sisi wazazi tuliokuwa na haraka, na utufundishe kuuliza na kusubiri jibu. Pale imani yetu inapopungua, utusaidie. Katika jina la Yesu, Amina.